Jina la Steji Yetu

Ninakaa mahali nisipopataja jina. Si siri, wala si mahali pa aibu. Ni steji ndogo kwenye barabara ya lami itokayo Mwatate kwenda Taveta, kabla hujafika Bura: duka langu, kinyozi, kibanda cha mama wa chapati, na vijana wa bodaboda wanaongoja abiria huku wakibishana habari za mpira. Panaitwa "Kwa", halafu jina la mtu. Mtu huyo ni baba mkwe wangu, na mimi jina lake silitii kinywani.

Mimi ni Mkamba niliyezaliwa Voi, mtaa wa Birikani, na mama yangu alinilea kikwetu hasa. Wiki ya harusi yangu alinikalisha jikoni akaniambia, "Jina la baba mkwe ni moto. Utaupikia miaka yote, lakini hutaushika." Nikaitikia. Nikaja huku kwa Wadawida, watu wa Taita, na agizo hilo moja, nikalishika kuliko nilivyozishika amri za Mungu, maana ukivunja za Mungu angalau kuna kuungama.

Haki ya Mungu, wenyeji hawakunidai hivyo. Mke wa shemeji yangu, aliyezaliwa huku huku milimani, hulitaja jina la mzee bila kupepesa jicho. Siku moja aliniuliza, "Kwani ukilisema litakuuma?"

"Heshima si utumwa," nikamjibu.

"Kwako imekuwa," akasema, akaenda zake kuchota maji.

Na mambo yalizidi kunibana. Kifungua mimba wangu alikuwa mvulana, na hapo mila ya kwetu na ya kwao zikakubaliana: aitwe jina la babu yake. Nesi akaja na kalamu. "Mtoto anaitwa nani?" Nikaanza kujikuna shingo. "Mama, hujaamua jina?" Nimeamua. "Basi sema." Nikamwambia amuulize yule bwana wa shati la kijani aliye nje, ndiye baba mtoto. Nesi aliniangalia kwa huruma sana. Nadhani alikwenda kuwaambia wenzake kwamba uchungu umenipanda kichwani.

Mtoto mwenyewe nikamwita Babu. Wageni walishtuka kusikia mwanamke mzima akipiga kelele uani, "Babu, vaa suruali!" na baba mkwe wangu, akiwa ameketi pale pale, akajitazama kwanza.

Nyumbani hayo yalivumilika. Taabu ilikuwa dukani. Duka liko stejini, na ukiwa na duka stejini wewe ndiwe ramani ya watu wote. Dereva wa lori la mkate anapiga simu: nishushe wapi? Anayenunua nyanya na kabeji kutoka Mombasa anapiga: nikitoka Mwatate nasimama wapi? Ndugu zangu wa Voi wanapiga, na wanakwaya, na watu wa matanga. Zamani niliwaambia, "Shuka penye mkuyu." Mkuyu ukakatwa. Nikasema, "Penye duka la kijani." Mume wangu, ambaye ni dereva wa malori na huja nyumbani akipenda, akaja siku moja na kopo la rangi ya waridi aliyopewa bure. Halafu ukajengwa mnara wa simu nyuma ya kinyozi, ule ambao sisi sote huuita busta. Nikamshukuru Mungu. Mnara haukatwi, haupakwi waridi, na huonekana tangu mbali. Tangu siku hiyo jibu langu likawa moja: "Shuka kwenye busta."

Baba mkwe aliketi kwenye benchi mbele ya duka tangu asubuhi hadi jua lipoe. Alikuwa ameacha kulima, na sikio lake la kushoto lilikuwa limeacha kazi pia. Nilidhani anakuja kunilindia sukari. Gari likisimama aliinua uso kumtazama makanga mlangoni, na likiondoka aliushusha. Sikuwahi kumuuliza anatazamia nini. Mkwe hahojiwi.

Basi mwanangu akasoma uuguzi, akapata kazi Ayalandi, akapata na mchumba huko huko. Likizo moja akaja nyumbani na baba wa huyo mchumba. Binti mwenyewe alikuwa kazini hospitalini, lakini babake alisema hawezi kumwoza mtoto mahali asipopaona. Nikaona ni mtu wa adabu. Alikuwa mzee mrefu, mwekundu wa uso, aliyestaafu kazi ya kupeleka barua vijijini. Alikula kimanga, ile mihogo yetu iliyopondwa na maharagwe, akaomba tena. Nikampenda papo hapo.

Kisha akafuta mdomo akauliza kwa Kiingereza, "Mama, hapa panaitwaje?"

"Nyumbani," nikasema.

"Ndiyo, lakini jina la mahali?"

"Ongeza kimanga."

Akaongeza. Mwanangu akatazama dari.

Kumbe nilikuwa nimemchokoza mtu kwenye ugonjwa wake. Mzee huyu, miaka yote ya kupeleka barua, alikuwa akichunguza maana ya kila jina la kilima, shamba na njia panda ya kwao. Alianza kutufundisha, mwanangu akitafsiri, na baba mkwe akisogeza kiti ili sikio lake la kulia limwelekee mgeni. Nchi ya Ayalandi haikuwa ngeni kwake. Utotoni alifundishwa na padri wa huko, na mpaka leo husema kwamba fimbo ya Mwairishi ina sala ndani yake.

"Mji wetu mkuu, Dublin," mgeni akasema, "maana yake ni dimbwi jeusi."

Baba mkwe akamgeukia mwanangu. "Amesema dimbwi?"

"Dimbwi jeusi, babu."

"Na wakajenga mji mkuu hapo?"

"Ndiyo."

"Muulize kama walikosa mahali pakavu."

Mwanangu akauliza. Mgeni alicheka mpaka akakohoa, akasema Ayalandi yote haina mahali pakavu, mvua inanyesha hata wakati wanaomba isinyeshe. Baba mkwe, ambaye mahindi yake yalikuwa yamekauka msimu huo, hakuona cha kuchekesha. Akasema basi wagawe.

Mgeni akaendelea. Kildare ni kanisa la mwaloni. Cork ni kinamasi. "Kinamasi tena!" baba mkwe akasema. Kuna kilima kinaitwa kilima, basi, hakuna zaidi. Mahali pengine pana jina refu la kuchosha ulimi, na ukilifungua ndani yake unakuta nguruwe. Alisema Waingereza walipokuja kuipima nchi waliyaandika majina hayo kwa namna yao, mpaka wenyewe wakawa wanapita kwenye vibao wasijue wamepita wapi, na ndiyo sababu sasa vibao vya kwao vina lugha mbili, ya zamani juu na Kiingereza chini. Kule kwake, akasema, vijiji chungu nzima vinaanza na neno Bally, na katika lugha yao ya asili hilo ni boma au makazi. Mara nyingi linalofuata ni jina la mwenye makazi.

"Yaani Kwa Fulani," mwanangu akafasiri.

Baba mkwe akakaa wima. "Kama hapa!"

"Kama hapa, babu. Hata kijiji chake mgeni kiko hivyo. Ni Kwa mtu."

"Mtu gani? Muulize."

Hapo yakafuatana maswali ambayo sikuyategemea kwa mzee mpole kama yeye. Huyo mtu alikuwa na ng'ombe wangapi? Mgeni akasema haijulikani. Alikuwa na wake? Haijulikani. Alikuwa chifu? Pengine, pengine alikuwa mkulima tu. Watoto wake wako wapi? Hakuna ajuaye, amekufa zamani mno.

"Lakini wanamtaja?"

"Kila siku," mgeni akasema. "Mimi mwenyewe nimembeba kwenye mkoba miaka yote. Kila bahasha ilikuwa na jina lake."

Baba mkwe akaweka kijiko chini. "Huyo," akasema, "amekufa vizuri."

Mgeni hakuwa mtu wa kusahau swali. "Sasa, na hapa ni Kwa nani?" Mwanangu akashindwa kujizuia, akacheka, akamweleza yote: moto wa jikoni, nesi, suruali. Nilitamani nimfinye. Mgeni alisikiliza bila kucheka, akili yake ya mpeleka barua ikifanya kazi, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, watu wakikuuliza njia, unawaambia nini?"

"Nawaambia washuke kwenye busta."

Niliona baba mkwe akinitazama. Nikaondoka kwenda kumimina chai ambayo ilikuwa imeshamiminwa.

Kama ni mtego, ulifyatuka wiki hiyo hiyo. Watu wa barabara walikuwa wakiweka vibao vya majina kando ya lami, vibao vizuri vya chuma, rangi ya kijani na maandishi meupe. Sisi tulikisubiri chetu kwa hamu, na siku kilipoletwa baba mkwe alikuwa amenyolewa, bila kusema kwa nini. Mafundi wakachimba, wakasimamisha nguzo, wakaondoa karatasi iliyofunika kibao. Kilikuwa kimeandikwa BUSTA.

Vijana wa bodaboda wakapiga makofi. Mama wa chapati akasema maandishi yanapendeza. Baba mkwe alikisoma, akaondoa kofia, akakisoma tena. Kisha akainuka kutoka kwenye benchi akaenda nyumbani, na keshoye hakuja dukani.

Niliwaza ni hasira ya mzee, itapoa. Haikupoa. Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba akitazama zizi tupu, na chakula alikigusa kwa ajili ya adabu tu. Jioni nilimpelekea uji, nikaketi chini, umbali wa heshima, nikafanya lile ambalo sikuwa nimelifanya tangu niolewe. Nilimhoji.

"Baba, ni kibao tu. Kwa nini kikuumize hivi?"

Alikoroga uji. "Mama wa watoto wangu, Mungu amrehemu, aliniita Baba Fulani mpaka anakufa. Watoto wananiita baba. Wajukuu, babu. Kanisani mimi ni mzee. Naibu wa chifu ananiita mzee wetu. Jina langu hasa, lile nililopewa na mama yangu, waliokuwa wakilitaja ni rika langu. Wa mwisho ni yule jirani tuliyemzika mwaka juzi. Alikuwa akipita hapo njiani ananiita tu, hata kama hana neno."

Nikafunga kanga yangu upya.

"Nikabaki na makanga," akasema. "Wao hawanijui. Lakini gari likifika, mtu anatoa kichwa nje anapaza sauti: Kwa Fulani, wa kushuka! Na mimi nimekaa hapo hapo nasikia. Siku hizi wanasema busta, busta. Nikasema haidhuru, kibao kikija watasoma." Akanywa uji kidogo. "Sasa wamesoma."

Nilirudi jikoni nikalia juu ya sufuria kama mtu anayemenya vitunguu, na vitunguu havikuwepo. Kumbe miaka yote mzee hakulinda sukari. Alikuja kuitwa.

Mgeni alipoelezwa hakushangaa hata kidogo. Kwao pia, alisema, wageni wakihamia huanza kusema "penye kituo cha petroli", na katika umri wa mtu mmoja boma la watu wengi hugeuka kituo cha petroli. Ni yeye aliyempa mwanangu wazo la kwenda kwa naibu wa chifu. Na naibu wa chifu, kwa kuwa kuna Mzungu ndani ya kesi, akaitisha baraza haraka kuliko alivyowahi kuliitisha kwa habari ya maji.

Tulikutana mbele ya ofisi yake, kwenye viti vya plastiki. Baba mkwe aliwekwa mbele, lakini upande ambao sikio lake bovu lilielekea meza. Nilitaka kumhamisha, lakini kumshika mkono mkwe mbele za watu nisingeweza. Mwenye kuweka vibao alikuwa kijana wa jaketi la kuakisi mwanga, na alikuwa amekasirika kuitwa.

"Mimi sikubuni," akasema. "Nilisimama hapo dukani kununua soda, nikamuuliza mwenyeji: mama, hapa panaitwaje? Akaniambia busta. Nikaandika busta."

"Mwenyeji gani?" naibu akauliza.

"Mama wa duka."

Vichwa vyote viligeuka. Mke wa shemeji yangu, ambaye hakosi baraza, akasema kwa sauti ya kufika Taveta, "Kikulacho ki nguoni mwako!"

Nikasimama. Nikasema ni kweli, nilisema hivyo, lakini nilisema kwa heshima. Watu wakacheka. Nikawaeleza kwamba kwa desturi ya kwetu mwanamke hamtaji baba mkwe, na kwa hiyo hamtaji hata akiwa steji. Wakacheka zaidi, na kijana mmoja wa bodaboda akakiri kwamba yeye amehamia huku karibuni, na jina busta alilipata kwangu. Mwingine akasema hata yeye. Dereva wa lori la mkate, aliyekuwa akipita tu akasimama, akasema hata yeye. Nikaona nyumba yote imebomolewa tofali kwa tofali, na mwenye nyundo ni mimi.

"Si neno," naibu wa chifu akasema, akifurahia kazi yake. "Kibao kitabadilishwa. Lakini utaratibu ni utaratibu. Aliyetoa taarifa ndiye anayeifuta. Mama, simama hapa mbele, utaje jina halisi la mahali hapa, huyu bwana aandike."

"Mume wangu aseme."

"Mume wako yuko Malaba na lori."

"Mwanangu basi."

"Mwanao hakuulizwa. Wewe ndiwe uliyeulizwa."

Nilitazama huku na huku. Mgeni wetu alikuwa ameinama mbele, mikono kati ya magoti. Mwanangu alinipa ishara ya kichwa. Mke wa shemeji yangu alikuwa na uso wa mtu aliyesubiri siku hii tangu harusi yangu. Baba mkwe alikuwa akitazama chini, kofia kwenye goti. Naona hakuwa akisikia hata nusu ya yaliyosemwa, na pengine alishajua jinsi mambo haya huisha.

Nikamwomba mama yangu msamaha huko aliko. Lisilo budi hutendwa.

"Panaitwa Kwa," nikasema. Nikameza mate.

"Tumesikia Kwa," naibu akasema. "Endelea."

Nikafunga macho nikalisema. Lilitoka kwa nguvu nyingi kuliko nilivyokusudia, kama mtu anayemwita mwingine ng'ambo ya bonde.

"Naam!"

Nikafungua macho. Baba mkwe alikuwa amesimama wima, kofia imeanguka chini, anageuza kichwa huku na huku kumtafuta aliyemwita. Uso wake ulikuwa uso wa kijana. Watu walianza kucheka, kisha mmoja mmoja wakaacha.

"Kaa, mzee wetu," naibu wa chifu akasema. "Hakuitwi mtu. Panatajwa mahali."

Hakumsikia, au hakumjali. Macho yake yalizunguka viti vyote mpaka yakanifikia mimi, niliyesimama pale mbele na kiganja mdomoni.

"Ni wewe?" akaniuliza.

"Ni mimi, baba."

Hakukaa.

"Ita tena," akasema.

Nikaita tena.